Jicho la Kwanza Kwenye Darubini ya Kakuma

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mkuu wa Shule Madam Maryanne, wachungaji wetu, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Lodwar na mliovuka tu barabara kutoka kambini, na nyinyi wanafunzi mliokaa juani wakati wakubwa wenu tumejaza viti chini ya turubai: ejok, hamjambo.

Kuna jambo nimelificha kwa miaka minane. Nitalisema kabla sijakaa, kwa sababu ratiba inasema nikishakaa nitashikwa mkono, nipelekwe kwenye ile darubini mpya, niwe mtu wa kwanza kuitazama sayari ya Zohali kutoka shule hii, kisha niwaambie kwa kipaza sauti nimeona nini. Jua linazama. Daktari wangu kule Lodwar anasema moyo wangu nao unazama, na sidhani utasubiri sherehe nyingine. Kwa hiyo nivumilieni.

Nilifika Lodwar mwaka 1976, kijana wa kutoka Baringo, nikiwa na shahada ya fizikia na viatu vyeusi vilivyobanduka soli kwa joto wiki ya kwanza. Niliamini nimewaletea watu sayansi. Jioni moja nikamweleza baba yake Ewoi, huyu Ewoi mtangazaji wa redio aliyeshika kipaza sauti hapa, kwamba wanadamu wameshatembea juu ya mwezi. Mzee alikaa juu ya ekicholong, kigoda chake cha mbao, akafikiri.

"Huko kuna nyasi?"

"Hakuna."

"Maji?"

"Hakuna, mzee. Ni vumbi na mawe tu."

"Na walisafiri siku kadhaa kwa ajili hiyo?"

"Ndiyo."

"Wangekuja Lodwar," akasema. "Tungewapa na chai."

Ewoi, usicheke, nakusikia. Kwa hesabu hiyo baba yako alinishinda, mimi mwenye fizikia. Lakini niwaulize nyinyi: ni nani aliyewahi kulala nje katika nchi hii, mgongo kwenye mchanga ambao bado una joto la mchana, akaangalia juu, asitamani kwenda? Kule kaskazini, upande wa Lowarengak, ilifukuliwa mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Yeye pia alilala chini ya anga hili. Hakuwa na kitabu wala mwalimu wa kumchosha. Alikuwa na macho, na usiku mzima wa kuyatumia.

Leo nyinyi mna zaidi. Mna darubini itakayowaonyesha pete za Zohali, pete zilizotengenezwa na vipande vya barafu visivyohesabika, nanyi ni watu ambao barafu mnakutana nayo ndani ya soda tu, tena siku umeme ukiwepo. Mna pia Clotilde, binti wa Kalobeyei, mwenyekiti wa klabu ya sayansi. Jioni moja mwezi uliopita tulikuwa tunaunganisha darubini hii, yeye akaacha kazi ghafla, akaangalia juu.

"Mwalimu, ile nyota iko inatembea."

"Setilaiti," nikasema.

"Umejua aje? Hata haukuinua kichwa."

"Uzoefu, binti yangu."

Clotilde aliniamini. Nyote mmeniamini. Madam Maryanne amenisifu hapa kwamba Mwalimu Elijah hamsalimii mtu akapita. Atasema ejok, atauliza mbuzi, atauliza mvua, atauliza yule ngamia aliyekuwa akichechemea, ndipo amtaje mtu kwa jina. Ni kweli. Ni desturi ya hapa, na niliipenda tangu zamani, ila miaka hii minane nimeipenda kupita kiasi. Sokoni Lodwar niliwahi kumsalimia bwana mmoja mpaka tukafikia vitukuu vya mbuzi wake, ndipo aliponiaga nikaitambua sauti: alikuwa meneja wa benki, hana hata kuku. Na kwa adabu alinijibu muda wote kwamba wako wazima.

Sasa niseme kuhusu kipindi changu cha redio, kile cha kila Ijumaa ninachowaeleza nyota zilipo. Ndicho kilichofanya shule hii kuandika jina langu kwenye mlango wa chumba cha darubini. Mnapaswa kujua kinavyotengenezwa. Kila Alhamisi, baada ya chakula, mimi na mke wangu Rael tunatoa viti nje. Namuuliza:

"Mama Byron, Mirihi iko wapi leo?"

"Ile nyekundu? Iko juu ya tangi la jirani, kulia kidogo."

"Na Zuhura?"

"Imeshuka, inataka kugusa mnara wa simu. Lakini Baba Byron, mwenye digrii ni nani hapa?"

"Nakupima."

"Basi nipe alama."

Nampa saba kwa kumi. Analalamika, kwa haki. Wiki inayofuata anaangalia kwa makini zaidi, na mimi Ijumaa nawaambia Turkana nzima kwamba Mirihi iko mashariki, juu kidogo, upande wa kulia. Miaka minane amefanya mtihani huo na hajapata nane hata mara moja, maana niliogopa kwamba akipata kumi atasema amehitimu, aende zake kulala.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu kijana aliyekuja hapa na soli mbovu alipewa jina la Mwalimu, na sikuwa tayari kulirudisha. Nilijiambia nitaondoka nalo kimya. Lakini kuondoka na jina lililoandikwa kwa macho ya mtu mwingine ni wizi, na mwenye macho hayo amekaa mstari wa mbele, amevaa kitambaa cha bluu. Aliniambia rangi yake asubuhi, nilipomuuliza.

Naomba mambo mawili. Fundi wa rangi bado yupo na brashi yake. Aandike Rael Jebet juu ya jina langu, kwa herufi kubwa kuliko zangu. Na Clotilde, unapokuja kumshika mtu mkono, mshike yeye. Yeye ndiye atakayewaambia Zohali ikoje, nami nitasikiliza pamoja nanyi.

Nimewashukuru nyote kwa masikio yenu. Neno lililobaki ni la mtu mmoja.

Mama Byron, sikuwa nakupima. Nilikuwa nakuuliza. Nyota sizioni.