Aliyetufundisha Kumtaja Mama Kwanza

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Benedikta Asheri atakabidhi funguo za stoo ya mbegu na kuondoka katika kituo chetu cha utafiti wa mkonge akiwa amefanya kazi ya kuchavusha mkonge kwa miaka thelathini na minne. Ataacha mmea mmoja ukiwa katikati ya kuchanua. Hilo ndilo linalotukosesha raha sote, na ni vigumu kuandika juu yake bila kuandika juu ya mmea huo.

Alizaliwa Muheza, mtoto wa wakata mkonge, akaajiriwa mwaka 1991 kama kibarua wa bustani ya miche. Bwana shamba wa wakati ule alihitaji mtu mwepesi wa kupanda ngazi, maana mlingoti wa mkonge huenda juu kuliko paa la nyumba, na maua yako huko juu. Wanaume wawili walikataa. Benedikta akavua ndala, akapanda. Tangu siku hiyo anaitwa Mama Ngazi.

Kazi yake inahitaji maelezo kidogo. Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, moja ya mama na moja ya baba. Mkonge wa kawaida wa mashambani una seti tano. Tano haigawanyiki sawasawa kwa mbili, kwa hiyo ni nadra mkonge huo kutoa mbegu nzima. Anayetaka chotara wenye nguvu lazima atafute jamaa zake wenye seti mbili au nne wawe akina mama, akate vifuko vya chavua kabla havijapasuka, asubiri siku tatu mpaka ncha ya kike ya ua ianze kunata, kisha aipake chavua ya mmea mwingine kwa unyoya wa kuku. Halafu aning'inize lebo: mama kwanza, baba baadaye.

Hapo kwenye lebo ndipo mwandishi wa wasifu huu alipoharibu. Mwaka juzi, nikija Jumamosi na klabu ya sayansi ya shule, niliandika lebo arobaini nikiwatanguliza akina baba, kama zinavyotaka fomu zote nilizowahi kujaza. Kosa lilionekana matunda yakiwa yameshachumwa na kutiwa kwenye pakiti, zangu zikiwa zimechanganyika na za wenzangu, na hakuna aliyejua tena zipi ni sawa. Sikulala vizuri wiki nzima. Bi Benedikta alimwaga pakiti moja mezani. Mbegu hai za mkonge ni nyeusi, zilizokufa ni nyeupe. Lebo ilisema mama ni wa seti tano, lakini mezani nyeusi zilikuwa karibu robo. Akacheka. "Huyu wa seti tano hajawahi kuzaa hivi. Huyu ni baba!" Akapitia pakiti zote hivyo hivyo, kisha akanigeukia: "Hafsa mwanangu, nyumbani wewe ni binti Masoud. Hapa kila mtu ni mtoto wa mamake."

Mmea tunaouhofia ni Namba Saba, chotara wa seti nne aliyetokana na uchavushaji wa Bi Benedikta mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita. Wenzake wa mstari wake walioza shina. Namba Saba umesimama. Mkonge hutoa maua mara moja tu, kisha hufa. Vikonyo, yaani vichipukizi vitakavyoota kwenye mlingoti, vitatupa nakala zake, lakini nakala nazo zitakaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuchanua. Tukikosea mwaka huu, tumekosea kwa muda mrefu.

Maua yalitarajiwa Julai. Tarehe 16 Juni matawi ya chini yakafunguka, kama vile mmea umesikia habari za kustaafu. Bi Benedikta alichavusha tawi la kwanza peke yake. La pili alimpandisha Ndugu Rahimu Uweso, atakayeshika nafasi yake.

"Shangazi, huku juu kunayumba!"

"Kunayumba kwa sababu unatetemeka. Tulia, na ngazi itatulia."

Alitulia, kiasi. Lebo nikaandika mimi. Mama Ngazi aliichukua, akaisogeza mbali na macho kama anavyofanya siku hizi, akasoma, akanirudishia niining'inize. Nilikuwa nimeandika: Namba Saba, kisha baba.

Mpaka naandika haya, maua kumi na moja kati ya ishirini ya tawi la Uweso yameanguka. Tisa yameshika. Matawi ya juu yatafunguka Julai, na chini ya ngazi hatakuwepo mtu wa kumwambia atulie. Tulimwomba Bi Benedikta awe anapita. Alikataa: "Mkiniita kwa kila ua, nitakuwa nimestaafu nini?" Lakini ndala zake za shambani ameziacha mlangoni mwa stoo, na hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Asante, Bi Benedikta, kwa mikono yako na kwa kutovunjika moyo na makosa yetu. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kukaa chini, kwenye ardhi isiyoyumba. Matunda yakikomaa tutakuja kwako Muheza na pakiti ya kwanza ikiwa bado imefungwa. Uifungue wewe. Mbegu ziwe nyeusi au nyeupe, tungependa uwe wa kwanza kuziona.

Hafsa Masoud, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya wafanyakazi wa kituo