Pazia la Mama Mkwe

Kwenye basi, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza muuza samaki aliyekutana naye humo humo: "Tangu mama mkwe ahamie kwetu, mume wangu hanigusi. Kati ya kitanda chetu na chake ni pazia tu."

"Ana mwanamke nje huyo, dada. Wanaume nawajua." Muuza samaki alisema kama aliyewazaa wote.

"Nje wapi! Jana nilimpelekea chakula karakanani kwake. Seremala wangu akafunga mlango mchana kweupe, chakula kikapoa." Akacheka bila haya. "Mume ni yuleyule, mwenzangu. Nyumba ndiyo iliyobadilika."

Basi liliposimama, muuza samaki aliinuka. Akabeba ndoo yake. "Mimi na mume wangu tunalala wawili tu," akasema polepole. "Hakuna hata pazia." Akashuka.