Zamu ya Mama Mkwe

Mwaka 1974, katika basi la kutoka Ikungi kwenda Singida, mbele yangu walikaa wanawake wawili waliokuwa wamejuana njiani. Kristina, aliyeolewa karibuni, alimwambia mwenzake, Mama Magdalena, kwamba anakwenda kupimwa kansa ya mlango wa kizazi kwa niaba ya mama mkwe wake.

"Kwa niaba?"

"Ndiyo, mama. Anatokwa damu, na hedhi ilikoma zamani, lakini anaona aibu. Shamba la kijiji nalima zamu yake, na katibu anaandika jina lake. Hata kitenge hiki ni chake."

"Mwanangu, shamba ni la kijiji, kizazi ni cha mwenyewe! Watakupima wewe, watakukuta mzima, na yeye atazidi kuumwa. Mlete mwenyewe, tena upesi. Kupima ni dakika chache, na ikiwahiwa inatibika."

Mama Magdalena hakukosea neno. Dereva alikuwa amepunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Na wewe mama, ulipopimwa uliumia?"

Mama Magdalena alitazama nje ya dirisha. "Mimi nilisikia redioni."

"Basi tushuke wote. Tupimwe, kisha kesho nimlete mama mkwe."

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Kristina alishuka, akageuka kumngoja. Mama Magdalena alikumbatia kikapu chake kwa mikono miwili.

"Tangulia, mwanangu," alisema. "Wakikukuta mzima wewe, na mimi nitatulia."