Béatha Kaliza na Mablanketi ya Nyuso Mbili

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Révérien, kaka wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, siyo kama yalivyoandikwa kwenye karatasi aliyotuletea jana Madamu Kabagwira, mwenye karakana alikofanyia kazi.

Marehemu Béatha Kaliza alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kinyinya, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1969, akajifunza ushonaji kwa masista miaka miwili, na mwaka 1972 akaanza kazi Kimisagara kwa fundi Twahiru, ambaye tunaye hapa. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Melchior, wakajaliwa watoto wawili, Claudette na Audace.

Februari 1990 aliajiriwa na Madamu Kabagwira, ambako mablanketi ya viraka yalikuwa mazuri juu na aibu tupu chini, nyuzi zikining'inia, jambo lililomkera marehemu karibu mwaka mzima, hadi akapata njia yake: kila kiraka alikitia pamba katikati ya vitambaa viwili na kukishona kivyake, kisha akaviunganisha viwili viwili kwa cherehani, ukanda mmoja wa kitambaa juu na mwingine chini, ule wa chini akaukunja ukafunika ukingo wote, hata ukiligeuza blanketi hujui upande wa mbele ni upi.

Agosti 1992 mablanketi hayo yalipelekwa kwenye maonyesho, na Madamu akawaambia wageni, marehemu akisikia, kwamba ufundi ule aliubuni mwenyewe. Jioni marehemu alimwambia mumewe, "Mimi nilikuwa nagawa soda, Melchior, huku mikono yangu inaitwa ya mtu mwingine." Hakulia, alikasirika, na alikuwa na haki.

Oktoba kifua kilimbana, na tarehe 2 Novemba alifika kazini na barua ya daktari ya kumpumzisha, lakini yalibaki mablanketi manne yaliyoagizwa na hoteli, ambayo wenzake, waliokuwa bado wanajifunza njia yake, hawakuweza kuyaunganisha peke yao, Madamu akamjibu, "Maliza kwanza, kitanda hakikimbii." Mgonjwa haulizwi uji, dada yetu aliulizwa mablanketi. Alishona siku mbili akitetemeka kwa homa, akaanguka juu ya cherehani, na Jumatatu tarehe 9 nimonia ikamchukua.

Karatasi ya Madamu inasema marehemu alikuwa mwanafunzi wake hodari. Madamu umekaa pale mbele, karatasi yako hii hapa, utaichukua ukiondoka, kwa sababu familia imekataa kuisoma.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika siku tano, majirani wa karakana waliombeba hadi barabarani, na mafundi wenzake saba, aliokuwa akiwafundisha kazi hii wiki zake za mwisho, ambao tangu Jumanne wamezima cherehani na kusema hawataunganisha hata kiraka kimoja mpaka jina lake litajwe.

Béatha, mwana wa mama yangu, pumzika kwa amani, sisi huku bado tuna hasira.