Ngano ya Mtakatifu Nikola
Ndani ya basi, abiria walimkwepa Ognjen kwa sababu ya vumbi la rangi lililojaa kwenye koti lake. Desanka, mama wa makamo, akaketi kando yake.

"Unapiga msasa rangi ya zamani, mwanangu?"

"Ndiyo, mama, ya madirisha. Kesho ni sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo wetu. Nimefunga milango, vumbi lisiwasumbue majirani."

Majirani wana bahati, Desanka akawaza. "Rangi za zamani zina madini ya risasi, sumu kwa watoto. Mjukuu wangu alilazwa baada ya sisi kukwangua milango. Lowesha mbao kwanza, na kama una mtoto mdogo, ahamie kwingine."

"Binti yangu ni mzima, na babu yangu ameishi humo miaka tisini."

"Babu yako hatambai sakafuni kama mtoto. Ngano ya kubarikiwa kwenye sikukuu mmeshachemsha?"

"Imeanikwa mezani ikauke."

"Chumba gani?"

Ognjen akatazama vumbi kwenye koti lake. "Humo humo ninamopiga msasa. Lakini siwezi kuitupa ngano ya Mtakatifu Nikola."

"Huyo ni mtakatifu wa watoto. Atakuelewa."

"Yeye, sawa. Mama mkwe je?"

"Binti yako yuko wapi saa hizi?"

"Yuko nyumbani na bibi yake. Tangu asubuhi anaidokoa ile ngano..."

Basi likasimama. Ognjen akashuka mbio, kopo lake la rangi mpya likabaki kitini, kando ya Desanka.