Bi. Aila Gridley, Mpiga Kinanda Aliyelala Kifudifudi Bustanini

Marehemu Aila Marjatta Gridley alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Mei 1945, mjini Fort Bragg, katika nyumba ya mbao ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Eino na Saima Lehtonen, wahamiaji wa Kifini wa pale pwani ya California. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mama alipika mkate wa iliki ambao harufu yake, kila Jumamosi, ilifika barabarani kabla ya mtu kugonga mlango. Siku hiyo hiyo ya Jumamosi watoto walioga kwenye bafu la mvuke nyuma ya nyumba, wakatoka wekundu kama kamba waliochemshwa, wakakaa jikoni kula mkate huo na maziwa baridi. Hadi uzeeni marehemu alisema hajawahi kuwa msafi tena kama alivyokuwa Jumamosi zile.

Alipokuwa na miaka tisa hivi, alichukua brashi yake ya rangi ya shule, akahamisha chavua kutoka ua la boga la mama yake kwenda ua la mung'unya wa jirani, akafunga ua lile kwa uzi ili nyuki wasiingilie kazi yake. Mwaka uliofuata alipanda mbegu alizozipata. Likaota dude la kijani lenye mabaka, gumu, ambalo kisu kiligoma kuliingia. Saima akataka kulitupa kwa kuku. Eino akalikata kwa shoka, likapikwa, akalila lote peke yake mbele ya binti yake.

"Lina ladha gani, Baba?" Aila akauliza.

"Ya kiatu," Eino akajibu, akipangusa mdomo. "Lakini kiatu kizuri."

Alisoma Fort Bragg hadi alipomaliza sekondari mwaka 1963, kisha akaenda Santa Rosa kusomea muziki. Alirudi mwaka 1965 akiwa na cheti cha kufundisha piano na koti jekundu ambalo mama yake aliliona linang'aa mno kwa msichana wa heshima. Mwaka huo huo alihamia Willits, akaanza kufundisha watoto piano na kupiga kinanda katika kanisa dogo la Kilutheri. Alikaa kwenye kinanda kile zaidi ya miaka arobaini. Wengi wenu mliokaa hapa leo mligongwa vidole na penseli yake, na wengi wenu aliwapigia kinanda siku ya harusi. Wengine aliwapigia mara mbili, na hakuwahi kutaja.

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Delbert Amos Gridley, mkata miti, mtu mwenye mikono kama makasia na sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Walijenga juu mlimani, kaskazini ya mji, mahali ambapo njia ya gari inaishia. Walijaliwa watoto wawili, Karin na Royal. Kwa miaka ishirini na moja maisha yao yalikuwa ya kawaida, yaani ya raha: kuni, theluji kidogo, besiboli kwenye redio, piano ya wanafunzi ikichechemea sebuleni huku Delbert akivua buti barazani.

Mwezi Oktoba 1989 mti ulianguka upande usiotarajiwa, ukamvunja Delbert uti wa mgongo. Alipona, lakini miguu haikurudi. Kilichobaki miguuni kilikuwa maumivu tu na mishtuko iliyomnyima usingizi. Dawa alizopewa zilimlaza, lakini zilimwondoa pia. Alikuwa akiamka mchana, mate kifuani, asijue ni siku gani, na mara moja akamwita Karin kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki. Bi. Aila alivumilia miaka saba ya hali hiyo. Mwishoni mwa 1996 wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kuruhusu bangi kwa wagonjwa, na daktari wa familia, akiwa anaangalia dirishani badala ya kumwangalia mgonjwa wake, alisema labda wangejaribu.

Bi. Aila hakuwahi kuvuta hata sigara. Alimwendea Tamsin, aliyekuwa mwanafunzi wake wa piano na sasa akiishi na wakulima wa bangi wa milimani, akamwomba mbegu. Tamsin alicheka hadi akakaa chini.

"Mwalimu, wewe? Wewe uliyenifukuza darasani kwa kutafuna ubani?"

"Nilikufukuza kwa kutofanya mazoezi. Nipe mbegu, na unieleze taratibu."

"Hii si figili, Mwalimu. Kuna dume na jike. Dume ukimwona, mng'oe."

"Kwa nini nimng'oe? Kafanya nini?"

Hapo ndipo burudani yake ya maisha ilipoanzia. Watu wote waling'oa madume ili majike wasishike mbegu. Bi. Aila aliwatunza madume, akiwachagua kama anavyochagua waimbaji wa kwaya. Dume aliyefaulu alihamishiwa bafuni, dirisha likazibwa chavua isiruke nje, na wiki kadhaa kila majira ya joto familia nzima iliogea kwa ndoo nyuma ya nyumba. Chavua ikiiva, aliikusanya kwa brashi ya poda, akaipaka kwenye tawi moja tu la jike aliyemtaka, akalifunga tawi hilo kwa uzi wa sufu wenye rangi. Mwaka mwingine anapanda mbegu za tawi lile, anachagua, anarudia. Bustani yake haikuwa kubwa kuliko chumba cha kulala. Hakuwahi kuuza hata jani.

Mwonjaji alikuwa Delbert, na hakuwa mwonjaji mpole.

"Hii inanilaza kama gogo, Aila. Nataka kulala, sitaki kufa."

"Na ile ya uzi wa bluu?"

"Ile ya bluu imenichekesha peke yangu gizani. Nimejiona mjinga."

Ilichukua miaka minane. Asubuhi moja ya mwaka 2005 Bi. Aila aliingia chumbani na chai, akamkuta mumewe yuko macho, amenyoa ndevu, anasoma matokeo ya besiboli, na amekasirika kwa sababu timu yake imefungwa. Alikuwa na hasira ya mtu mwenye akili timamu. Bi. Aila aliweka kikombe chini, akatoka kwenda barazani kulia. Mbegu ile akaiita Asubuhi ya Delbert.

Ile kamera mliyozoea kumwona nayo ilitokana na njia ya bustani. Njia hiyo ilikuwa na mteremko mkali, na kiti cha magurudumu hakikuweza kushuka. Mwanzoni Bi. Aila alikuwa akirudi na kumsimulia mumewe alichokiona, mpaka Delbert akamkatiza: "Mama watoto, unasimulia kama unasoma matangazo ya kanisani." Basi akaenda Ukiah, akanunua kamera iliyotumika. Muuza duka alimfundisha kuifunga lenzi kinyumenyume ili kitu kidogo kionekane kikubwa. Tangu siku hiyo, ukipita nyumbani kwao asubuhi ungeziona nyayo zake tu. Mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, nguo ya kanisani bado mwilini, pumzi ameibana, akisubiri upepo utulie.

Picha alizibandika kwenye dari, juu ya kitanda cha Delbert. Vinyweleo vya utomvu vilivyosimama kama uyoga wa kioo. Goti la buibui. Tone la umande ambalo ndani yake nyumba yao ilionekana juu chini, na nguo kwenye kamba. Delbert alikaa chini ya dari lile saa nyingi, na ndiye aliyegundua, mwaka mmoja wa kiangazi kikali, alama ndogo nyekundu pembeni ya jani.

"Aila! Huyu mdudu hayuko peke yake. Lete ile picha nyingine. Mke wangu, umeingiliwa na utitiri, na wewe unawapiga picha!"

Bustani ilinusurika kwa jicho la mtu aliyekuwa hajaitembelea kwa miaka mingi.

Si kila mtu alifurahi. Jirani yao, Bwana Ambrose Pruitt, mzee mkali mwenye uzio uliopakwa rangi kila mwaka, aliacha kuwasalimia. Majira ya joto ya 1998 askari wa kaunti walikuja wawili. Mmoja alikuwa Lowell, mwanafunzi wake wa zamani, na kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu Gridley, samahani, tumeletewa taarifa..."

"Karibu Lowell. Vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Aliwaonyesha barua ya daktari, akawaonyesha mimea yake, na mumewe kitandani akamwonyesha Lowell. Askari waliondoka na mkate wa iliki. Bi. Aila alipoinua macho alimwona Bwana Pruitt upande wa pili wa uzio, darubini shingoni, akijifanya anatazama ndege. Kanisani nako kulikuwa na mkutano juu yake, na alihudhuria, kwa sababu ndiye aliyepaswa kupiga wimbo wa kufungulia. Waliamua aendelee. Yeye mwenyewe alisema waliogopa tu kuimba bila kinanda.

Delbert alifariki usingizini tarehe 3 Februari 2011. Bi. Aila aliziacha picha darini. Aliendelea kupanda Asubuhi ya Delbert kidogo kila mwaka, akiwapa maua wagonjwa waliomjia na kusema mbegu atazigawa zikishatulia, zikawa zinatoa mmea uleule kila mwaka. Kila mwaka alikuta dosari nyingine ya kurekebisha, na mbegu zote zikabaki ndani ya mtungi wa kioo kwenye friji yake.

Tarehe 7 Septemba 2020, Jumatatu ya sikukuu ya wafanyakazi, mchana, moto uliwaka mlimani. Amri ya kuhama ilipokuja, anga lilikuwa limeshageuka rangi ya chungwa. Bi. Aila, akiwa na miaka sabini na mitano, alipakia gari lake dogo: masanduku ya picha kiti cha nyuma, mtungi wa mbegu kiti cha mbele. Kwenye lango la jirani alimkuta Bwana Pruitt amesimama na fremu yake ya kutembelea na mbwa mkubwa kama ndama. Gari lake lilikuwa limegoma kuwaka.

"Nenda zako," mzee akasema. "Mimi niache nife na nyumba yangu."

"Utakufa kesho. Leo ingia garini."

Mbwa aligoma kuingia. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa. Bi. Aila alishuka, akatoa sanduku la kwanza, akaliweka kando ya barabara. Akatoa la pili, na yaliyobaki. Fremu nayo ikahitaji nafasi, na katika ile haraka ya kukunja na kusukuma, mtungi uliwekwa juu ya nguzo ya lango na ukabaki pale. Waliposhuka mlimani cheche zikipiga kioo, mzee alisema bila kugeuka:

"Ni mimi niliyewaita wale askari."

"Najua. Mshike mbwa, ananilamba sikio."

Nyumba zote mbili ziliteketea. Nguzo ilipatikana, nyeusi, na chini yake kioo kilichoyeyuka.

Habari zilipoenea, watu walimjia kutoka kila bonde, kila mmoja na mbegu zake kwenye karatasi, akiapa kwamba hizi ndizo Asubuhi ya Delbert, alipata kwa fulani aliyepata kwa fulani. Bi. Aila alizipanda zote kwa heshima kwenye uwanja wa Karin, kule Ukiah. Zilipotoa maua alipita kwenye kila mmea, akausugua kwa kidole, akanusa. "Huyu mzuri," alisema, "lakini hatujawahi hata kusalimiana." Jioni ya mmea wa mwisho, Karin alimwona amesimama bustanini muda mrefu. Alipomsogelea, mama yake alimwambia, "Ilikuwa yake, mwanangu. Imemfuata." Halafu akauliza kama kuna kamera yoyote ndani ya nyumba.

Mwaka 2022 alirudi mlimani, kwenye nyumba ndogo, na kuanza kupandanisha upya. Bwana Pruitt, aliyejenga tena upande wa pili, alikuja kila asubuhi kukaa kwenye kiti na kumshikia mwavuli jua lisiharibu picha. Uzio hawakuurudisha. Walikuwa wakibishana hadi barabarani kunasikika.

"Umeusogeza mwavuli, Ambrose!"

"Nimepiga chafya, mwanamke! Nisipige chafya?"

Mzee alifariki mwaka jana. Bi. Aila alimpigia kinanda.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kupungua uzito, na tarehe 2 Aprili aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa kupasuliwa. Alitaka kuuona msimu. Mwezi Agosti, maumivu yalipozidi, Karin alimpa kwa mara ya kwanza maua ya bustani yake mwenyewe, baada ya miaka yote ile ya kuwapandia wengine. Alivuta mara moja, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akatulia.

"Delbert alikuwa mwongo," akasema. "Miaka yote aliniambia ina ladha ya matunda ya porini. Ni chungu kama gome la mti." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Alikuwa anameza tu uchungu ule na kunisifia."

Alifariki Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, asubuhi, nyumbani kwake, dirisha likiwa wazi upande wa bustani. Mimea ilikuwa haijavunwa bado. Siku mbili kabla, Karin alimwomba achague mimea ipi ya kutunzia mbegu. Alitaka aletewe tawi la kila mmoja, akanusa yote, akayarudisha. "Bado," akasema. "Wote bado. Endeleeni."

Marehemu ameacha watoto wawili, Karin na Royal, wajukuu wanne, dada yake Lempi, aliyesafiri kutoka Fort Bragg na mkate wa iliki uliopo kwenye meza ile, mpwa wake Inkeri, msomaji wa wasifu huu, wanafunzi wasiohesabika, na yule mbwa mkubwa wa Bwana Pruitt, mzee sasa, anayetafuta nyumba. Leo, tarehe 26 Oktoba, tunamlaza kando ya Delbert.

Udongo wa mlima huu umlalie mwepesi, na Mungu ampokee mja wake kwa amani.