Mashahidi Watatu wa Mwalimu Otília Krnáčová

Tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 22 Februari 2024, hakupenda maneno ya kuazima. Kwa hiyo yanayosomwa hapa ni yale yaliyoonekana na kusikiwa, pamoja na yasiyotupendeza sisi tuliobaki.

Otília alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 kijijini Muráň, akiwa mtoto wa kwanza wa Matej Garaj, mkata magogo, na mkewe Julka. Alibatizwa katika kanisa hili la Kilutheri kabla ya majuma mawili kutimia, kwa sababu mkunga alidhani hataishi. Ameishi miaka themanini na miwili. Mdogo wake wa pekee, Ondrej, alimtangulia mwaka 2006.

Alisoma shule ya kijiji, kisha mjini Revúca, akipanda treni ya alfajiri na kitabu mkononi. Mwaka 1963 alihitimu ualimu mjini Prešov katika lugha za Kirusi na Kislovakia. Wenzake walimkumbuka kama msichana asiyenakilisha mtu jibu la mtihani, wala kunakili la mtu. Marafiki hawakuwa wengi.

Tarehe 18 Julai 1964 alifunga ndoa na Pavol Krnáč, fundi seremala. Walikuwa na miaka mitano pamoja, na hawakujaliwa mtoto. Mnamo Septemba 1969 Pavol aliukimbia utawala wa kikomunisti, akavuka mpaka kwenda Uingereza, akaahidi kumwita mkewe kabla ya Krismasi. Mwezi uliofuata mpaka ulifungwa. Isitoshe, mama yake Otília alikuwa amepooza upande mmoja, na Otília hakuwa mtu wa kumwacha mgonjwa kitandani. Kwa kosa la mumewe aliondolewa darasani, akawekwa maktaba ya shule kupanga vitabu. Walimu wenzake waliokuwa wakinywa naye kahawa walianza kunywa kahawa yao mapema zaidi.

Mwaka 1978 ilikuja barua kutoka mji wa Leeds, ya mama mwenye nyumba alimopanga Pavol. Ilikuwa ya Kiingereza, na aliyeweza kuisoma kijijini hakuthubutu kugusa barua ya nchi za Magharibi. Otília akaketi na kamusi Jumapili nzima, neno kwa neno, hata akajua kwamba ni mjane. Lakini sentensi moja ilimshinda: Pavol alikuwa mwema kama dhahabu mpaka mwisho wake.

"Mama, dhahabu ina wema gani?" alimuuliza Julka.

"Haina," akajibu mama yake. "Ni ngumu na ni baridi. Labda wanasema alikuwa na mali akakusahau, mwanangu."

Alikaa na sentensi hiyo miaka minne, asijue kama mumewe alisifiwa au alisutwa. Mwaka 1982 alihamia kijijini muuguzi mmoja mstaafu aliyewahi kuishi ng'ambo. Aliisoma barua mara moja tu.

"Mwalimu, mbona umejitesa? Hao wakisema dhahabu, sisi tunasema mkate."

Kumbe Pavol alikufa mwema kama mkate. Siku hiyo ndipo Otília alipomlilia mumewe.

Kazi yake ya kweli ilianzia hapo. Alijifunza Kiingereza peke yake, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1989, walimu wa Kirusi walipoambiwa wafundishe Kiingereza, yeye alikwisha kuwa tayari. Alirudi darasani akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2001. Nyumbani alikuwa akikusanya kadi katika masanduku ya viatu: upande mmoja neno la kawaida au tashbihi ya Waingereza, upande wa pili ile ambayo watu wetu wanaitumia kwa haja hiyo hiyo. Sharti lake lilikuwa moja. Tashbihi ya Kislovakia haikuingia mpaka aisikie kwa mashahidi watatu, kila mmoja akiisema bila kuulizwa na bila kujua kwamba anasikilizwa, juu ya mtu aliye hai. Chini ya kadi aliandika jina la shahidi, tarehe, mahali, na aliyesemwa. Vitabu hakuvikubali. "Kitabu hakina njaa," alisema, "kitajuaje mbwa mwitu ana njaa kiasi gani?"

Alisikiliza kwenye kituo cha basi, kwenye foleni ya maziwa, na makaburini Siku ya Watakatifu Wote watu wakiwasha mishumaa. Mwuza nyama wetu, kila alipomwona dirishani, alipaza sauti:

"Nyamazeni, penseli inaingia! Mwalimu, leo nina njaa kama mbwa mwitu. Haya, andika!"

"Siandiki. Umesema kusudi."

"Basi wewe ni mkaidi kama punda!"

"Hiyo naandika," alijibu, na penseli ilikuwa tayari mkononi.

Mwaka 1993 nyumba moja ya uchapishaji ilimtaka akabidhi kadi zake ndani ya miezi mitatu, na mapengo yajazwe kwa kufasiri Kiingereza kama kilivyo. Alikataa. Walitoa kitabu chao bila yeye, na kikauzwa sana. Wapo waliomwita mpumbavu. Wasifu huu unasema alikuwa na haki: neno lisilosikika kwa mtu yeyote ni uongo, hata likichapwa vizuri.

Kufikia mwaka 2011 kadi zilikuwa elfu tatu mia mbili na nane, na zote zilitimia isipokuwa moja. Ilihusu mtu asiye na mtu. Kila Mslovakia anajua kwamba mtu wa namna hiyo yuko peke yake kama kidole. Shahidi wa kwanza alikuwa mama yake, mwaka 1983, akimsema mpiga kengele. Wa pili alikuwa tarishi, mwaka 1990, akimsema mchungaji wa kondoo. Wa tatu hakupatikana, na Otília aliapa kwamba kazi haitoki mkononi mwake ikiwa na pengo. Alishangaa neno la kawaida namna ile limejificha wapi. Sisi tulijua. Watu walilisema kila siku, ila yeye, asiye na mtu nyumbani, akitokea walibadilisha mazungumzo. Walimwonea haya kwa heshima, na heshima hiyo hiyo ikamnyima alichokitafuta.

Mpwa wake Svetozár, mwana wa Ondrej, mpima ardhi mjini Žilina na mwandishi wa wasifu huu, alikuwa anaahidi kila mwaka kuja mkesha wa Krismasi. Otília aliandaa sahani ya pili mezani, ile ya mgeni asiyetarajiwa, akapika supu ya kabichi na uyoga mkavu. Svetozár alipiga simu. Krismasi ya mwaka 2019 alijaribu kuliziba pengo la kadi ile.

"Shangazi, nakuwazia huko, peke yako kama kidole."

"Sveto, wewe umeiona kadi yangu. Hukusema hayo, umeyasoma."

"Si maneno ni yale yale?"

"Kama kweli ungeniona niko hivyo, ungekuwa kwenye treni. Kula vizuri, mwanangu."

Karipio hilo lilikuwa la haki, na linaandikwa hapa kama lilivyotoka.

Tarehe 29 Januari mwaka huu alilazwa hospitalini, moyo ukiwa umechoka na maji yameingia mapafuni. Kitanda cha pili alilala Bi Žofia Hronská wa Lubeník, aliyekuwa hamjui kabisa. Tarehe 7 Februari, jamaa za Bi Žofia walipokwisha kuondoka na kuacha keki za mbegu za mpopi, alimgeukia jirani yake.

"Dada, siku tisa hizi hata paka hajachungulia mlangoni kukuulizia. Uko peke yako kama kidole!"

Muuguzi alisikia akaja juu. "Bi Žofia, adabu! Mgonjwa huyo!"

"Mwache," akasema Otília. "Nipe miwani yangu. Na penseli. Leo tarehe ngapi?"

"Nimekuudhi, dada?" Bi Žofia aliuliza.

"Hujaniudhi. Jina lako la ukoo linaandikwaje?"

Svetozár alifika siku mbili baadaye. Alikuta kadi juu ya kabati dogo, imeandikwa kwa penseli: shahidi wa tatu, tarehe, hospitali. Kwenye nafasi ya aliyesemwa palikuwa na herufi mbili, O. K. Alipoanza kuomba radhi, shangazi yake alimkatiza: "Keti. Umechelewa, ila kazi imekwisha."

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Februari saa nne asubuhi.

Ameacha mpwa mmoja, Svetozár, na mkewe Viera. Kadi elfu tatu mia mbili na nane, zote zimetimia. Na Bi Žofia Hronská, aliyeruhusiwa kutoka hospitalini juzi na ambaye ameketi leo kwenye benchi la mbele, mahali pa ndugu, kwa sababu alimwona.

Bwana amlaze pema Mwalimu Otília, mahali ambapo meza imeandaliwa na hakuna sahani inayobaki bila mtu.